Leiden si Lugdunum: kisa cha jina la Kirumi lililohamishwa kutoka pwani

Muhuri wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, una picha ya Minerva, mungu wa kike wa hekima katika imani ya Warumi, pamoja na maneno ya Kilatini yanayokitaja chuo hicho kuwa Academia Lugduno-Batava. Aliyewahi kushika kitabu cha zamani kilichopigwa chapa katika mji huo atakuwa ameona maneno ya ukoo huohuo chini ya ukurasa wa jina: Lugduni Batavorum, yaani "katika Lugdunum ya Wabatavi". Carl Linnaeus alipotoa toleo la kwanza la kazi yake ya kuainisha viumbe mwaka 1735, mahali pa uchapaji paliandikwa hivyo. Na sisi wa Kiswahili hatuko mbali na mji huu. Kiswahili kimefundishwa Leiden kwa miaka mingi, kuna kituo cha masomo ya Afrika, na Thilo Schadeberg, mtaalamu wa lugha za Kibantu aliyeandika pia kuhusu maumbo ya maneno ya Kiswahili, alikuwa profesa hapohapo.

Mtu akiyaona maneno hayo kwenye muhuri wa chuo chenye heshima kama hiyo, ataamini tu kwamba Leiden ni Lugdunum, na kwamba neno Leiden ni Lugdunum lililochakaa midomoni mwa watu kwa karne nyingi. Herufi ya kwanza ni ileile, d ipo katikati, n ipo mwishoni. Vitabu vingi vya zamani vilieleza hivyo, na mpaka leo maelezo hayo hayajafa.

Si kweli. Leiden haikuwahi kuitwa Lugdunum na Warumi, wala neno Leiden halikuzaliwa na neno Lugdunum. Jina hilo la Kirumi lilikuwa la ngome nyingine, chini ya kilomita kumi kuelekea baharini, na ni wasomi wa karne ya 16 waliolibeba wakaupa mji wao. Kisa hiki nakipenda kwa sababu tunaweza kukifuata hatua kwa hatua: tunajua jina liliandikwa wapi, lilichukuliwa lini, kwa haja gani, na nini kilikuwa chini ya ardhi ya Leiden muda wote huo.

Lugdunum lilikuwa jina la nani

Lugdunum si neno la Kilatini kwa asili. Ni la Kikelti, lugha za watu waliokalia sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi kabla ya Warumi. Sehemu ya pili, dunon, ni ngome au kilima chenye boma. Sehemu ya kwanza kwa kawaida huelezwa kuwa ni jina la Lugus, mmoja wa miungu ya Wakelti. Kwa hiyo Lugdunum ni "ngome ya Lugus".

Jina la namna hii halikuwa la mahali pamoja tu. Lugdunum iliyovuma kuliko zote ni Lyon ya Ufaransa, koloni la Kirumi lililoanzishwa mwaka 43 KK, ambako Kaisari Claudius alizaliwa mwaka 10 KK. Mji wa Laon, kaskazini mwa Ufaransa, nao una jina la asili hiyohiyo. Kusini, chini ya milima ya Pyrenees, kulikuwa na Lugdunum nyingine ya watu walioitwa Convenae.

Na kulikuwa na moja kwenye mlango wa mto Rhine. Ptolemaios, mwanajiografia wa Alexandria wa karne ya 2 BK, anaitaja kwa Kigiriki kama Lugodeinon ya Wabatavi, na mahali anapoitaja pana uzito: ni katika orodha yake ya vitu vya pwani, baada ya mlango wa mto Maas na kabla ya mlango wa magharibi wa Rhine. Anaiweka ufukweni. Leiden haiko ufukweni. Iko ndani, mahali ambapo mikono miwili ya Rhine, Oude Rijn na Nieuwe Rijn, inakutana.

Hilo la Wabatavi nalo lina utata wake. Wabatavi walikaa zaidi mashariki, kati ya mikono ya Rhine na Waal, karibu na Nijmegen ya leo. Pwani walikaa watu wengine, Wacananefates, ambao mji wao mkuu chini ya Warumi ulikuwa Forum Hadriani, katika eneo la Voorburg karibu na The Hague. Ptolemaios aliandika akiwa mbali sana, na huenda kwake watu wote wa mlango wa Rhine walikuwa Wabatavi. Lakini neno lake moja lilikuja kuwa na thamani kubwa miaka 1,400 baadaye, kama tutakavyoona.

Hesabu ya barabara

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote si wa lugha hata kidogo. Ni wa umbali.

Warumi walituachia maandishi mawili ya safari yanayopita ukingo wa Rhine. La kwanza ni orodha ya vituo vya barabara iitwayo Itinerarium Antonini. La pili ni ramani ndefu ya barabara za dola yao, ambayo nakala yake ya zama za kati iko Vienna na inajulikana kama ramani ya Peutinger, kwa jina la Konrad Peutinger wa Augsburg aliyeirithi mwaka 1508. Maandishi yote mawili yanaanza njia ya Rhine kwa kituo kimoja: Lugduno, ndiyo Lugdunum yetu. Orodha inaongeza maneno caput Germaniarum, kichwa cha Germania. Hapo ndipo barabara ya mpakani ilipoanza, au ilipoishia kwa aliyetoka juu ya mto. Mbele yake ni bahari.

Ramani inataja vituo vinavyofuata: kutoka Lugduno hadi Pretorium Agrippine ni 2, kutoka hapo hadi Matilone ni 3, kutoka hapo hadi Albanianis ni 5. Kipimo ni leuga, kilichotumika katika nchi za Gallia na Germania, na leuga moja ni kama kilomita 2.2. Orodha nyingine inaruka vituo vya katikati na kusema kwa mkupuo mmoja kwamba kutoka Lugduno hadi Albanianis ni 10. Jumlisha 2, 3 na 5. Maandishi mawili tofauti yanatoa jumla moja, na jambo hilo si la kupita nalo haraka, kwa sababu tarakimu za Kirumi zilizonakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi huharibika kirahisi sana. Hapa hazikuharibika.

Sasa zipeleke ardhini. Albanianis ni Alphen aan den Rijn, ambako ngome ya Kirumi imechimbuliwa katikati ya mji. Kutoka hapo rudi kuelekea baharini leuga 5, yaani kama kilomita 11. Unafika Roomburg, upande wa mashariki wa Leiden, na ngome ya Kirumi ipo. Endelea leuga 3, kama kilomita 6 na nusu: unafika Valkenburg, ambako mwanaakiolojia A. E. van Giffen alianza kuchimbua ngome ya Kirumi katika miaka ya 1940. Bado leuga 2, zaidi kidogo ya kilomita 4. Ukiishia hapo uko kwenye ufuko wa Katwijk, Bahari ya Kaskazini mbele yako.

Kwa hiyo katika mfululizo huo Leiden ina nafasi yake, na nafasi hiyo si ya kwanza bali ya tatu. Jina la Kirumi la ngome iliyomo ndani ya mipaka ya Leiden ni Matilo. Lugdunum ni ya Katwijk.

Na Katwijk kulikuwa na kitu. Dhoruba za karne ya 16, hasa za mwaka 1520 na 1562, ziliposukuma maji na mchanga, magofu ya mawe yalijitokeza ufukoni na watu wakayaita Brittenburg. Abraham Ortelius, mchoraji ramani wa Antwerp, alitoa mchoro wake: boma la mraba, na ndani yake jengo ambalo wataalamu wengi wanaliona kuwa ghala la nafaka. Watu wa pwani walibeba mawe na vitu vilivyookotwa, na bahari ikamaliza iliyobaki. Leo Brittenburg haionekani. Ufuko umerudi nyuma na magofu yamo ndani ya maji. Ndiyo sababu hakuna koleo lililowahi kugonga jiwe lenye maandishi ya Lugdunum, na mtu mwangalifu atasema kwamba utambulisho wa Katwijk unasimama juu ya hesabu ya barabara na maneno ya Ptolemaios. Kwangu mimi hizo ni nguzo imara. Leiden haina hata moja.

Leithon, na kile herufi th inachosema

Tuje kwenye neno lenyewe. Jina la Leiden linaonekana kwa mara ya kwanza katika orodha ya mali za kanisa la Mtakatifu Martin la Utrecht, ambalo kumbukumbu zake zinarudi karne ya 9, mnamo mwaka 860 kwa makadirio yanayotajwa sana. Limeandikwa Leithon.

Ukitafuta asili ya jina la mahali, umbo la zamani kuliko yote ndilo la kuanzia. Hakuna sababu ya kulinganisha Lugdunum ya karne ya 2 na Leiden ya leo kama tuna kituo katikati yake. Linganisha Lugdunum na Leithon, uone mambo yanavyogeuka.

Ile d ya Leiden iliyotushawishi haikuwapo. Palikuwa na th. Sauti hiyo tunayo sisi katika thelathini na thamani, na nduguye mwenye mtetemo wa koo tunaye katika dhahabu. Kiholanzi cha kale kilikuwa nayo; kadiri zama za kati zilivyosonga, kikaigeuza kuwa d kila mahali. Kiingereza kiliibakiza, na ndiyo maana tatu kwa Kiingereza ni three lakini kwa Kiholanzi ni drie, na ndugu wa kiume ni brother huku, broeder kule. Kwa hiyo d ya Leiden ni changa, ilitokana na th kwa kanuni inayojulikana. D ya Lugdunum ni d tangu Wakelti. Herufi mbili hizi zinafanana leo tu, kama watu wawili waliokutana kituo cha basi na kukuta wamevaa shati la rangi moja.

Irabu nazo zinakataa. Lugdunum ina u mbili, na mkazo wa Kilatini uko kwenye ya pili, dū. Pale ambapo jina hilo liliendelea kutamkwa bila kukatika, yaani Lyon na Laon, ile g ya katikati ilipotea na silabi yenye mkazo ikawa ndiyo moyo wa neno. Hakuna njia ya kawaida ya kutoka u mbili hizo hadi ei ya Leithon katika vinywa vya watu wa mlango wa Rhine. Anayetaka kuiona lazima atunge kanuni kwa ajili ya neno hili peke yake, na kanuni ya neno moja si kanuni.

Leithon basi ni nini? Maelezo yanayokubaliwa zaidi yanalirudisha kwenye neno la Kigermaniki leitha, mkondo wa maji: mto au kijito ambacho watu wamekinyoosha, wakakichimba au wakakielekeza, nusu kazi ya Mungu na nusu kazi ya jembe. Ni ukoo mmoja na kitenzi cha Kiholanzi leiden, kuongoza, maji yanaongozwa. Maneno ya ukoo huu yamebaki kwenye majina ya maji katika eneo hilohilo; karibu na Warmond, kaskazini tu ya Leiden, kuna mkondo uitwao Leede mpaka leo.

Mwisho wa neno, ile -on, ndipo msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko wengi. Huo ni uambishaji wa wingi katika hali iliyotumika kutaja mahali kitu kilipo. Majina mengi ya makazi ya Kigermaniki yaliundwa hivyo: watu hawakusema "Mifereji" bali "kwenye mifereji", na umbo hilo la mahali likaganda likawa jina. Ni kazi ileile inayofanywa na -ni yetu katika Mtoni, ya Unguja na ya Dar es Salaam. Leithon ni Mifereji-ni. Baadaye -on ilififia ikawa -en, th ikawa d, na tukapata Leiden. Kila hatua ni ya kawaida. Majina jirani yalipita njia hiyohiyo.

Na mahali panakubaliana na neno. Leiden imekaa juu ya maji: Rhine iliyogawanyika na kuungana tena, mito midogo inayoingia kutoka kaskazini na kusini, ardhi tambarare ambayo haikaliki bila kuyaelekeza maji. Jina linalosema "kwenye mikondo" linaeleza kile ambacho mkulima wa karne ya 9 alikiona akisimama pale. Jina linalosema "ngome ya Lugus" lisingemwambia chochote.

Kuna kishawishi kimoja hapa ambacho lazima nikitaje, kwa sababu kinavutia. Mwaka 47 BK jemadari wa Kirumi Corbulo aliwachimbisha askari wake mfereji kati ya Rhine na Maas, ili vyombo viepuke hatari za bahari. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasema ulikuwa na urefu wa maili 23 za Kirumi. Mfereji huo uliingia Rhine hapohapo Roomburg, penye ngome ya Matilo. Je, leitha ya Leithon ndiyo mfereji wa Corbulo? Ingekuwa hadithi tamu: jina lisilo la Kirumi likikumbuka kazi ya Warumi. Lakini neno liko katika wingi, eneo limejaa mikondo, na kati ya Warumi kuondoka na Leithon kuandikwa kuna karne nyingi. Siwezi kulisimamisha dai hilo juu ya utamu wake.

Karne hizo nyingi nazo ni hoja. Jina la mahali linahitaji watu wa kulitamka. Katika karne ya 3 mpaka wa Rhine wa chini ulivunjika, ngome zikaachwa, na nchi ya pwani ikabaki na watu wachache mno kwa muda mrefu. Majina machache ya Kirumi yalivuka pengo hilo pale maisha yalipoendelea au mahali palipokuwa na umuhimu usiokatika: Noviomagus ikawa Nijmegen, Traiectum, yaani kivuko, ikawa sehemu ya pili ya Utrecht. Lakini magharibi zaidi, Praetorium Agrippinae iliitwa upya Valkenburg, na mlango wa Rhine ukaitwa Katwijk. Matilo ilisahaulika kabisa. Anayesema Leiden ni Lugdunum anatutaka tuamini kwamba ngome ya Katwijk ilipoteza jina lake nyumbani kwake, lakini jina hilo likahifadhiwa kwa jirani wa tatu, ambaye naye alikuwa amelipoteza la kwake.

Kwa nini walilitaka

Wasomi walioandika Lugdunum Batavorum hawakuwa watu wavivu, na haitoshi kusema walikosea. Walikuwa na haja.

Mwanzoni mwa karne ya 16 maandishi ya Tacitus yalikuwa yamechapishwa na kusomwa upya, na watu wa nchi za Rhine wakajikuta ndani yake. Humo walimkuta Civilis, Mbatavi aliyeongoza uasi dhidi ya Roma mwaka 69 na 70. Uholanzi ikataka kuwa nchi ya Wabatavi. Cornelius Aurelius, mtawa aliyefanya kazi kwenye historia iliyochapishwa Leiden mwaka 1517, alitetea kwamba Batavia ya kale, yaani nchi ya Wabatavi, ni Holland, jimbo la pwani lenye Leiden. Gerard Geldenhouwer, mzaliwa wa Nijmegen, akasema hapana, ni kwetu Gelderland, jimbo la mashariki. Kwa kuangalia mahali Wabatavi walipoishi hasa, Geldenhouwer alikuwa karibu zaidi na ukweli. Lakini Holland ndiyo iliyokuwa na fedha, miji na, muda si mrefu, vita vya ukombozi dhidi ya Hispania.

Katika mabishano hayo, yale maneno ya Ptolemaios yalikuwa dhahabu. Hapa ni mji wenye jina la Kirumi, ulio pwani ya Holland, na mwandishi wa kale ameutaja kuwa wa Wabatavi. Kilichobaki ni kuutafutia mji wa kisasa. Katwijk ilikuwa kijiji cha wavuvi. Leiden ilikuwa mji mkubwa wa vitambaa vya sufu, wenye kilima cha kutengenezwa na boma la mviringo juu yake, Burcht, ambalo wengi waliliamini kuwa la kale mno. Wengine walilihusisha na Hengist, yule wa hadithi za Wasaksoni waliovuka kwenda Uingereza. Boma hilo ni la zama za kati. Lakini macho yaliyotafuta Roma yaliiona Roma.

Kisha ikaja siku iliyougeuza mji kuwa alama. Wahispania waliuzingira Leiden, na raia wakafa kwa njaa na tauni, mpaka mitaro na kingo za mito zilipobomolewa makusudi na jahazi za waasi zikaelea juu ya mashamba. Tarehe 3 Oktoba 1574 mji uliokolewa, na hadi leo siku hiyo watu wa Leiden hula samaki aina ya heringi na mkate mweupe. Tarehe 8 Februari 1575 kikazinduliwa chuo kikuu, cha kwanza katika majimbo yaliyoasi. Mmoja wa wasimamizi wake wa kwanza alikuwa Janus Dousa, aliyeongoza ulinzi wakati wa mzingiro na aliyekuwa mshairi wa Kilatini. Chuo kilihitaji jina la Kilatini, maana hiyo ndiyo lugha ya usomi. Nani angechagua jina la wachimba mifereji, wakati pembeni kuna jina lililoandikwa na Ptolemaios, lenye Wabatavi ndani yake, katika mwaka ambao taifa lilikuwa linapigana na dola kubwa kama Civilis alivyopigana?

Angalia pia tarehe. Ramani ya Peutinger, ile inayotupa Matilo na umbali wa kila kituo, ilichapishwa nzima mwaka 1598 huko Antwerp. Chuo kilikuwa na umri wa miaka 23. Waanzilishi walikuwa na Ptolemaios na orodha ya Antonini, ambayo inaruka moja kwa moja kutoka Lugdunum hadi Albaniana (ile Albanianis ya juu) bila kutaja cha katikati. Kwa nyaraka hizo peke yake, Leiden kama Lugdunum ni kosa linaloeleweka. Ramani ilipotoka, jina lilikuwa limekwisha kuchongwa, kupigwa mhuri na kuchapishwa kwenye maelfu ya kurasa. Christoffel Plantin alikuwa amefika mwaka 1583 kuwa mpiga chapa wa chuo, familia ya wachapishaji ya Elzevier ilikuwa imeanza kazi, na Lugduni Batavorum ilikuwa ikisomwa kutoka Uingereza hadi Poland.

Hapo ndipo ninapowalaumu kidogo waliofuata, si waanzilishi. Kosa la 1575 lilikuwa la watu wasio na ramani. Marudio ya baadaye yalikuwa ya watu waliokuwa nayo mezani.

Kilichokuwa chini

Wakati Leiden ikijivunia Lugdunum isiyo yake, Roma yake halisi ilikuwa imelala Roomburg, chini ya malisho na bustani. Mwaka 1996, katika eneo la ule mfereji wa Corbulo, kilipatikana kinyago cha shaba cha mpanda farasi wa Kirumi: uso wa kijana, macho yaliyotobolewa, midomo iliyofumba. Kiko katika jumba la taifa la vitu vya kale, mjini humohumo. Ngome ya Matilo yenyewe haikuchimbuliwa yote. Imehifadhiwa ardhini, na juu yake imetengenezwa bustani ya umma ambayo matuta yake yanafuata mstari wa kuta. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mpaka wa Kirumi wa Rhine ya chini katika orodha ya urithi wa dunia, na Matilo imo.

Huu ni urithi mzuri kuliko ule wa kuazima. Ulitokana na agizo la Claudius, yule mzaliwa wa Lugdunum ya Gallia, aliyemwamuru Corbulo kurudi upande wa kusini wa Rhine mwaka 47 na hivyo kuufanya mto kuwa mpaka. Askari waliokosa vita wakapewa majembe.

Nini kifanyike na jina

Sioni sababu ya chuo kubadili muhuri wake. Academia Lugduno-Batava ni jina la chuo tangu karne ya 16 na lina historia yake halali, historia ya watu waliotoka kwenye njaa wakaanzisha shule. Kosa ni kulichukua jina hilo la heshima na kulitumia kama ushahidi wa asili ya mji. Kamusi ya majina ya mahali inayoandika "Leiden, kutoka Lugdunum" imeanza na muhuri badala ya kuanza na Leithon.

Kwa wanaofanya kazi na vitabu vya zamani kuna jambo la vitendo zaidi, na linawakwaza hata wakutubi wenye uzoefu. Lugduni peke yake kwenye ukurasa wa jina ni Lyon, ambayo ilikuwa na wapiga chapa wengi sana katika karne ya 16. Lugduni Batavorum, au kwa kifupi Lugd. Bat., ni Leiden. Neno la pili likikatwa au likififia, kitabu cha Kiholanzi kinahamia Ufaransa katika katalogi. Wachapishaji wenyewe walibadilisha umbo kulingana na lugha ya kitabu: kazi ya Descartes ya mwaka 1637, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inasema Leyde, ya Galileo ya mwaka 1638, iliyotolewa na akina Elzevier kwa Kiitalia, inasema Leida. Mara mwandishi alipoacha Kilatini, Lugdunum iliondoka, na uzao wa Leithon ukarudi mahali pake.